Mtoto Alalaye Ubavuni mwa Punje

Panzi aliyeleta balaa lote alikuwa na miguu minane.

Fundi aliyemchonga alikwisha kustaafu kazi ya mbao, ila mikono yake haikuwa imepelekewa taarifa. Mtaani walimwita Nyongeza, kwa sababu hakuna habari iliyoingia masikioni mwake ikatoka mdomoni ikiwa na ukubwa uleule. Asubuhi yakidondoka manyunyu, jioni Nyongeza aliwaambia watu kwamba ameona kabati likielea barabarani, na juu yake paka amekaa anapiga makasia kwa mkia. Kabati lenyewe, bila shaka, lilikuwa limetengenezwa na yeye, ndiyo maana halikuzama.

Watu walicheka, naye alifurahi kuchekesha, na hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulianza siku tabia ya mdomo iliposhuka mikononi.

Binti yake alikuwa mwalimu wa biolojia, na baba mtu mwenyewe alimwita Mwalimu, kwa majivuno. Darasani kwa huyo binti alikuwamo msichana asiyeona. Wenzake walimwita Vidole, naye hakuchukia, kwa kuwa kila alichokishika alikihoji mpaka kikiri. Kwa ajili yake Mwalimu aliomba panzi wa mti, mkubwa kama kiatu, na Nyongeza akachonga panzi ambaye ungemfungia dirisha asiruke. Lakini alipomsimamisha mezani, panzi akayumba. Sasa fundi gani anakabidhi kitu kinachoyumba? Akamwongezea miguu miwili, akampiga msasa, akamkabidhi kwa Mwalimu, ambaye kwa kumwamini baba yake hakuihesabu.

Kwenye mtihani Vidole akaandika kwamba mdudu ana miguu minane. Alikuwa ameihesabu mwenyewe. Aliporudishiwa karatasi alilia, na hakulilia maksi.

"Wenzangu wakidanganywa," alimwambia Mwalimu, "wanaweza kwenda nje wakatazama panzi majanini. Mimi nikidanganywa na kitu nilichokishika kwa mikono yangu, nitaangalia wapi?"

Mwalimu alimfikishia baba yake maneno hayo siku moja, amesimama mlangoni, hakuongeza wala hakupunguza. Tangu hapo hakuleta kazi tena. Jumapili alikuja, akaamkia, akala, akaosha vyombo na mama yake, akaondoka. "Shikamoo, baba" ilikuwapo. "Baba, nichongee" ilikwisha kabisa, na Nyongeza, ambaye angeweza kutia chumvi hata kwenye kikohozi, juu ya jambo hilo hakuwa na hadithi ya kumpa mtu.

Ndiyo maana alasiri moja, binti alipotokea mlangoni mwa karakana akiwa na mfuko mkononi, mzee aliiweka randa chini kwa haraka mno ikaangukia kidole cha mguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mwalimu wangu. Karibu, sogeza hayo maranda ukae."

Hakukaa. "Nataka punje ya hindi."

"Mama yako anayo jikoni, tele."

"Ya mti, baba. Kubwa, kama mto wa kulalia. Iwe imepasuliwa katikati ili kiinitete kishikike." Akaona uso wa baba yake umeganda. "Yule mtoto wa mmea. Kabla mbegu haijapandwa, tayari ndani yake mna mmea mdogo umelala. Ndio huo."

"Ni ya yule binti?"

"Ni yake. Ijumaa ijayo wana mtihani wa vitendo. Wenzake watachungulia kwa lenzi, yeye ana mikono tu."

"Basi nitamchongea punje ambayo haijawahi..."

"Baba." Alilitamka neno hilo taratibu, kama mtu anayeegesha baiskeli karibu na kioo. "Usiongeze kitu. Nilimwuliza kama anataka, akaniuliza nani atachonga. Nikamwambia. Akasema, 'Mara hii moja.' Ukiongeza, sitamwomba tena. Na wewe pia sitakuomba."

Akaacha mezani kikopo chenye mbegu zilizolowekwa, wembe na lenzi yenye mpini.

"Si ungenichorea tu?"

"Nikikuchorea, utaipamba. Pasua mwenyewe uchonge utakachokiona. Nimekuwekea na maharage kidogo, uone tofauti."

Nyongeza alianza na haragwe, kwa kuwa lilikuwa nono na lilimkalia vizuri kidoleni. Akalimenya ganda, akalibonyeza kidogo, nalo likafunguka lenyewe kati kwa kati, pande mbili sawasawa, kama mlango wa ukumbi. Na pale bawaba zingekaa, palikuwa na kamtoto kadogo kamejikunja. Fundi akapiga paja. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza vitu vya pande mbili: milango, madirisha, makabati, vitanda vyenye kushoto kwa mume na kulia kwa mke. Akaona kumbe Muumba naye ni fundi wa shule ileile.

Zamu ya punje ikafika. Akaibonyeza, haikufunguka. Akaibana kwenye jiliwa, ikaruka ikampiga kwenye miwani. Mwishowe akailaza kwa ubapa, akaipasua kwa wembe kama anavyopasua ubao, tabaka la juu na tabaka la chini. Akaweka lenzi. Unga. Unga mweupe, na ukingo wa manjano. Akapasua nyingine vilevile, na nyingine. Unga.

"Huyu mtoto wamemsaga," akasema.

Mtu mwingine angemrudia Mwalimu akauliza. Nyongeza hakuuliza, kwani kuuliza kungekuwa ni kukiri kwamba ameshindwa na punje ya hindi. Akajiambia mbegu ni mbegu, na kwamba haragwe limekwisha kusema yote. Akachukua gogo la mti mweupe laini, akalichonga likawa punje ya ukubwa wa mto, chini nyembamba, juu pana, na kibonde kidogo utosini. Akalipasua pande mbili, akatia bawaba za shaba. Katikati akamlaza mtoto mwenye majani mawili yaliyoshikana kama mikono ya mtu anayeomba radhi. Ilikuwa kazi ya kutoa machozi. Ukiifungua, bawaba hazilii hata kidogo.

Jioni alikaa mezani na mkewe, furaha inamtoka puani. Mkewe alikuwa amechemsha mahindi, naye alikuwa akipukuchua lake punje moja moja, akizifinya kwa kucha kabla ya kuzitia mdomoni. Kila alipofinya, kilichomoka kitu kidogo cha manjano, akakiweka kando ya sahani.

"Hicho unachokitoa ni nini?" Nyongeza akauliza.

"Kiini. Kinanikwama kwenye jino la bandia."

"Kimetoka wapi?"

"Kwenye hindi. Kwani kimetoka benki?"

"Nauliza upande gani."

"Ubavuni, mzee. Umekula mahindi tangu una meno yako mwenyewe, leo hujui kiini kinakaa wapi?"

Nyongeza akavuta hindi kutoka mkononi mwa mkewe, naye akalivuta tena. Wakagawana. Akalisogeza kwenye dirisha, mahali palipobaki mwanga, akafinya punje na yeye. Hakikuwa katikati. Hakikuwa kati ya pande mbili, kwa sababu hapakuwa na pande mbili. Mtoto alikuwa amelala upande mmoja wa punje, mgongo kwenye unga, uso nje chini ya ngozi nyembamba. Tena kwenye gunzi zima punje zote ziligeuza uso kuelekea nchani mwa hindi, safu kwa safu, kama watu waliokaa ukumbini wakisubiri pazia lifunguliwe.

Akalirudisha hindi kwenye sahani bila kulimaliza.

"Unaumwa?" mkewe akamwuliza.

"Mama Mwalimu, nimetia bawaba kitu kisicho na mlango."

Asubuhi, kabla hata ya chai, alichukua punje mbichi kwenye kikopo. Safari hii hakuilaza. Aliisimamisha, uso wa kiini ukimwelekea, akashusha wembe taratibu kupita katikati ya kiini chenyewe, toka juu mpaka kwenye ncha. Akaitega kwenye mwanga wa mlango na kuishikia lenzi.

Alibaki hapo mpaka chai ikapoa, mkewe akaja kuitazama, akaichukua akainywa yeye.

Nyuma kulikuwa na ghala la unga. Mbele ya ghala palikuwa na kitu kipana, laini, kilichopinda kidogo kama ngao, kikikumbatia upande mmoja tu wa mtoto. Na mtoto alikuwa na kila kitu. Kichwa kimeelekea juu kwenye upana wa punje, mguu chini kwenye ncha, pale punje iliposhikana na gunzi. Kichwani alikuwa amevalishwa ala, ala hasa, kama ya kisu, iliyofungwa nchani. Ndani ya ala, majani. Yalikuwa membamba kuliko wembe aliokatia, yamesokotwa moja ndani ya jingine, tayari, yakingoja. Na mguuni, ala ya pili, kama soksi, na mzizi umo ndani ya soksi.

"Amevaa," Nyongeza akanong'ona. "Hajazaliwa, na amekwisha kuvaa nguo za safari."

Alipasua nyingine, kwa kuwa alijijua, akadhani jicho lake limeongeza. Ilikuwa hivyohivyo. Akapasua nyingine, ikawa hivyohivyo. Akafikiria mahindi yote aliyokula maishani, ya kuchoma, ya kuchemsha, na ugali wa kila siku. Mahindi yaliyopakiwa kwenye malori, yaliyomwagika barabarani yakaliwa na njiwa. Kila punje na ngao yake, kila punje na kofia yake na soksi yake, na hakuna hata moja iliyosahauliwa kuvalishwa. Akatafuta kiti kwa mkono, nyumanyuma, akakaa.

Nyingine alizifunga kwenye kitambaa kibichi chini ya meza ya kazi, akawa anazichungulia kila akipita. Soksi ndiyo iliyotoka kwanza, kifundo cheupe. Kesho yake mzizi ukaipasua soksi ukashuka. Kisha ala ya kichwa ikajitokeza, imenyooka, ncha kali, ikipanda juu na majani yamo ndani hayajaguswa na kitu. Zile alizozifukia kwenye kopo la udongo zilitoboa juu, na zilipouona mwanga, ala ikasimama hapo hapo, kazi yake imekwisha, jani likaitatua nchani likatoka. Nyongeza akafukua moja atafute ngao. Ngao haikutoka. Ilikuwa imebaki ndani ya punje, imebana mgongo kwenye ghala, ikiyeyusha unga na kumpitishia mtoto, kama mama mdogo anayepitisha sahani kwenye kidirisha cha jiko wakati wa harusi. Wageni watakula, watacheza, wataondoka, na uso wake hawatauona. Hilo ndilo jani la mbegu la hindi. Haragwe lina mawili. Hindi lina moja tu, nalo jua halilioni mpaka linaoza.

Alishindwa kukaa na habari hiyo peke yake. Akaenda kwa kinyozi, kwenye benchi lake la siku zote, akaisimulia jinsi ilivyo, hakuongeza hata nukta.

Kinyozi akasimamisha wembe. "Punje ya hindi imevaa kofia?"

"Ala. Ndiyo."

"Na soksi."

"Na soksi."

"Na mna jani la jikoni lisilotoka nje."

"Naam."

Kinyozi alicheka mpaka mteja akaomba wembe uwekwe mbali na sikio lake. "Nyongeza, ule wa paka na kabati niliumeza. Huu umepitiliza, ndugu yangu! Utatuambia na viatu lini?"

Wote wakacheka. Siku nyingine angewapa na viatu. Siku hiyo kicheko kilimwingia kama kijiti cha mbao chini ya kucha, kwa kuwa ghafla aliona Ijumaa itakavyokuwa. Atakabidhi kitu cha kweli kabisa kwa mtoto aliyewahi kukabidhiwa panzi wa miguu minane. Kwa nini amwamini?

Akarudi karakana, akaichukua punje ya bawaba, akaipasua kuni. Mkewe aliyekuwa akiipenda alifumba macho.

Akaanza upya. Ghala la unga aliliacha na ukwaruzo wa patasi, ili kidole kijue kimefika ghalani. Ngao aliipiga msasa mpaka ikawa laini kama kijiko. Ala ya kichwa aliitoboa ndani iwe ya kuchomoa, na ya mguuni vilevile. Majani yalimtesa siku nzima, kila aliyoyachonga yalikuwa mazito kama mlango. Mpaka alipoangalia sakafuni. Randa ikipita kwenye ubao mlaini hutoa utepe mwembamba unaojisokota wenyewe. Maisha yake yote alikuwa akiyafagia. Akachagua maranda marefu, akayaviringisha moja ndani ya jingine, akayasokomeza kwenye ala.

Halafu ikaja ile saa mbaya. Kazi ilikwisha, na aliiona imeinama. Upande mmoja wa mtoto ngao, upande wa pili hakuna kitu. Mtupu. Jicho la fundi likawasha kama lina mchanga. Kipande cha mti kilichobaki kilikuwa palepale mezani, kipana cha kutosha, kimepinda chenyewe vizuri. Alikishika. Akakijaribu upande mtupu, loo, kikakaa kama kimezaliwa hapo. Punje ikapendeza, ikatulia, ikawa na kulia na kushoto kama dunia yote.

Akakibandua. Kisha akaenda jikoni na kumpa mkewe. "Tia motoni upesi, kabla sijabadili mawazo."

Ijumaa asubuhi, darasani bado hapajajaa, Mwalimu aliikagua punje kwa lenzi yake huku baba yake amesimama kando na kofia mkononi. Aliigeuza, akachungulia chini, akachomoa ala, akazirudisha. Alikuwa akitafuta mguu wa saba na wa nane. Hakuuona. Akavuta kiti akamsogezea mzee, naye mzee akakaa.

Vidole akaja ameshika ukingo wa meza, msichana mrefu, shingo imenyooka.

"Shikamoo, babu wa panzi."

Mwalimu akakohoa. Nyongeza akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Nimestahili."

Mikono ya Vidole ikashuka kwenye mti. Haikuwa na haraka. Ilipita ghalani, ikasita kwenye ukwaruzo. "Huu ni unga." Ikateleza kwenye ngao, ikaenda na kurudi. Ikapata ala, ikaivuta taratibu, na zile kucha zikaingia kwenye maranda, safu moja, safu nyingine, na nyingine ndani. Hapo midomo yake ikaachana. "Yako mangapi humu?" aliuliza kwa sauti ndogo, ila hakungoja jibu. Akashuka mguuni, akaivua soksi, akaugusa mzizi, akaivalisha. Mwisho mkono ukarudi juu, ukavuka kwenda upande wa pili wa mtoto, ukakuta hewa.

Ukasimama.

"Babu, upande huu kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Umesahau, au hakuna?"

Nyongeza alifungua mdomo kuapa, akaufunga. Viapo vyake mtaa mzima ulivijua. Badala yake akatoa kikopo mfukoni, akakiweka karibu na mkono wa msichana. "Usiniulize mimi. Ziulize punje zenyewe. Zimo zilizolowa, na zimo zilizoota."

Vidole akachagua punje iliyolowa, akaihoji kwa kucha mpaka ikachomoka kiini, akakipitisha kwenye mdomo wake wa chini, mahali ngozi inaposikia zaidi. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Akachukua iliyoota, akaufuata mzizi mpaka kwenye soksi iliyopasuka, akaifuata ala mpaka kwenye ncha ambako jani lilikuwa limeanza kutokeza, jororo, baridi kidogo. Wenzake walikuwa wameingia wakasimama bila kukaa. Hata wale wa nyuma, ambao kelele ni kazi yao, walisogea mbele.

"Hakuna," akasema hatimaye. "Ni kweli hakuna. Amekumbatiwa upande mmoja tu." Alikuwa bado ameshikilia kale kamche mdomoni. "Mwalimu, hiki kitu kidogo hivi... Kilikuwa hivi siku zote? Hata kwenye uji?"

"Hata kwenye uji," Mwalimu akasema, na sauti yake haikuwa ya darasani.

Vidole akageuka kule alikosikia kiti kikilia. "Babu, panzi ana miguu mingapi?"

"Sita."

"Na hindi lina majani ya mbegu mangapi?"

"Moja. Tena la jikoni."

"Umefaulu," akasema Vidole, na darasa zima likaangua kicheko, na Nyongeza akacheka kuliko wote, akipangusa macho kwa kofia.

Mwalimu alimsindikiza mpaka mlangoni. "Baba," akasema, "muhula ujao tuna moyo. Wa binadamu. Una vyumba vinne."

"Vinne," mzee akarudia.

"Vinne, baba."

"Nimesikia, Mwalimu. Ila kwanza nitafutie wa ng'ombe pale buchani, niupasue mwenyewe."

Nyuma yao, wanafunzi walikuwa wakiandika, na Vidole alikuwa bado hajaishika kalamu yake ya nukta nundu. Alikuwa akiivua ile ala na kuivalisha, akiivua na kuivalisha, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto wa mwenzake asiamke.